Kibanda cha Sikukuu Kwenye Roshani Iliyofunikwa Nusu

Ndugu wasikilizaji, leo tuchukue roshani ya ghorofa ya pili mjini Jerusalem. Kutoka ukuta wa nyumba hadi vyuma vya ukingo ni mita 3. Roshani ya jirani wa juu imejitokeza mita moja na robo, ikaufunika upande wa ndani. Upande wa nje uko wazi. Tarehe 15 ya mwezi wa Tishri wa kalenda ya Kiyahudi, mwanzo wa Sikukuu ya Vibanda, inakaribia, na Torati imewaamuru Waisraeli wakae vibandani siku 7. Je, hapa kibanda kitasimama kwa sheria ya Kiyahudi?

Tuanze na ezeko, maana ndilo kibanda chenyewe. Liwe kitu kilichoota ardhini kikakatwa, kivuli chake kizidi jua. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, ina mfano ambao mtu wa pwani anauelewa mara moja: mkeka wa matete uliosukwa wa kulalia haufai, uliosukwa wa kuezekea unafaa. Tena juu ya ezeko pasiwe na dari. Kwa hiyo kutandaza makuti ya mtende chini ya zege la jirani ni kazi bure.

Wengi hukata tamaa hapo, wakaona roshani nzima imeharibika. La hasha! Talmudi, kitabu kikubwa cha mijadala juu ya Mishna, inafundisha habari ya ukuta uliopinda. Dari isiyofaa, ikiwa imeshikana na ukuta na upana wake haujafika dhiraa 4, huhesabiwa kuwa ni ukuta wenyewe umepanda kisha ukapinda kuelekea kwenye ezeko. Kwa kipimo cha sentimita 48 kwa dhiraa, hiyo ni karibu mita 1.9, wako wanaopima kwa dhiraa kubwa zaidi. Zege letu la mita moja na robo limo ndani ya mpaka. Basi ezeko lianzie pale zege linapoishia.

Lakini lianzie pale kwelikweli. Mjenzi akiacha mwanya wa viganja 3, yaani sentimita 24 hivi, ukuta ule umekatika. Hili hunistaajabisha kila ninapolisoma: zege la zaidi ya mita linavumilika, uwazi wa hewa wa nusu dhiraa tu hauvumiliki.

Vyuma vya ukingo navyo visidharauliwe. Vikiwa na kimo cha viganja 10, kama sentimita 80, na nafasi kati ya chuma na chuma isifike viganja 3, sheria inavihesabu kuwa ukuta mzima.

Na kama jirani angejitokeza mita 2.2? Kwa kipimo chetu ukuta wa nyuma ungetoka kwenye hesabu. Hata hivyo kibanda hakihitaji kuta nne. Ukingo wa mbele na kuta mbili za ubavuni zinatosha, mradi chini ya ezeko pabaki viganja 7 kwa 7, na sentimita 80 zilizosalia zinapita kiasi hicho.

Jambo moja nawasihi mlishike, kwa sababu hapa ndipo watu hukosea: ukuta uliopinda umekiokoa kibanda, haukuligeuza zege kuwa ezeko. Meza na viti visogezwe nje, chini ya makuti. Anayekula chini ya zege la mita moja na robo hajala kibandani, ingawa kibanda chenyewe ni halali.