Tetesi za Windows Mpya na Swali Lililochelewa Kujibiwa

ZUHURA: Wasikilizaji wetu wapendwa, karibuni. Mimi ni Zuhura, nikiwa Dar es Salaam pamoja na kaka yangu Baraka. Maswali mengi mliyotutumia yanahusu jambo moja: Windows 12 itatoka lini, na je, mtu anunue kompyuta sasa au asubiri? Kabla hatujajibu, naomba turudi Juni 2021, wakati dunia nzima ilipokuwa ikisubiri Windows 11, kwa sababu yaliyotokea mwezi ule yanatufundisha namna ya kuzipima tetesi za leo.

BARAKA: Dada Zuhura, mimi ningeanzia mbali kidogo zaidi. Mei 2015, katika mkutano wa Microsoft uliofanyika Chicago, mfanyakazi wa kampuni hiyo aitwaye Jerry Nixon alisema kwamba Windows 10 ndiyo Windows ya mwisho. Kauli hiyo ilienea kila mahali, na watu wakaamini kwamba kuanzia hapo kungekuwa na masasisho tu, wala hakungekuwa na namba nyingine. Ndiyo maana dalili za namba 11 zilipoanza kuonekana miaka sita baadaye, msisimko ulikuwa mkubwa kuliko kawaida.

ZUHURA: Na Microsoft wenyewe waliuchochea. Tarehe 25 Mei 2021 Satya Nadella, mkuu wa kampuni hiyo, aliwaambia watengenezaji programu kwamba alikuwa akitumia kizazi kijacho cha Windows kwa miezi kadhaa. Juni 2 ukatoka mwaliko wa hafla ya Juni 24, ukiwa na picha ya dirisha la nembo ya Windows linalopitisha mwanga hadi sakafuni. Walioitazama kwa makini waliona kwamba ule upau wa mlalo wa dirisha haukuacha kivuli chochote. Kilichobaki sakafuni ni mistari miwili ya mwanga iliyosimama sambamba, kama namba 11. Hafla yenyewe ilipangwa wakati saa za New York zinasoma 11, ambapo kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa 12 jioni. Siku chache baadaye wakatoa video ya dakika 11 yenye milio ya kuwashia Windows za zamani, ikiwa imepunguzwa kasi mno.

BARAKA: Kisha Juni 15 mfumo wenyewe ukavuja. Picha za skrini zilianza kuonekana kwenye mtandao wa Baidu wa China, na muda si mrefu faili zima la toleo la majaribio namba 21996 likawa mikononi mwa yeyote aliyetaka kulisakinisha kwenye kompyuta yake. Tukaona kitufe cha Start kimehamia katikati, pembe za madirisha zimekuwa za mviringo, na vile vigae vya menyu vimeondolewa. Panos Panay, mkuu wa bidhaa wa Microsoft wakati huo, alipoutambulisha rasmi Juni 24, sura aliyoionyesha ilikuwa ileile. Kwa hiyo mimi nasimama upande wa tetesi katika hili: zilikuwa sahihi, na ziliwapa watu nafasi ya kujiandaa.

ZUHURA: Kujiandaa kwa lipi, kaka yangu? Zilikuwa sahihi kuhusu sura. Mtu mwenye kompyuta moja nyumbani, inayotumiwa na watoto kwa masomo na yeye mwenyewe kwa biashara, hahitaji kujua mapema kwamba kitufe kimehama. Anahitaji kujua kama mashine yake itapokea mfumo huo. Jambo hilo ndilo lililozungumzwa kidogo kuliko yote, na lilipofika lilifika kwa vurugu. Siku ya hafla tuliambiwa kwamba inahitajika RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4 na nafasi ya kuhifadhia ya GB 64, viwango ambavyo havikumtisha mtu. Lakini vilikuja pamoja na sharti la chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na orodha ya prosesa (chipu kuu za kompyuta) zilizokubaliwa, ambayo kwa upande wa Intel ilianzia kizazi cha 8. Kompyuta nyingi zilizonunuliwa mwaka 2017, zikiwa bado na nguvu za kutosha, zikajikuta nje.

BARAKA: Hapo nakubaliana nawe. Hata Surface Studio 2, kompyuta ya Microsoft wenyewe iliyokuwa bado inauzwa kwa bei ya kuanzia dola 3,499, ilikuwa na prosesa ya kizazi cha 7 na haikuwamo kwenye orodha ya mwanzo. Iliongezwa mwishoni mwa Agosti.

ZUHURA: Na programu ya Microsoft ya kukagua kama kompyuta inafaa ilizidisha mkanganyiko. Mwanzoni ilikwambia tu kwamba kompyuta yako haiwezi kutumia Windows 11, bila kutaja sababu. Wapo ambao mashine zao zilikuwa na TPM tangu kiwandani, ila ilikuwa imezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, ambako Intel huiita PTT na AMD huiita fTPM. Mtu kama huyo alihitaji kuwasha kitu kimoja tu, lakini programu ilimwacha aamini kwamba anahitaji kompyuta nyingine. Siku chache baada ya hafla programu hiyo iliondolewa ikarekebishwe, na Windows 11 ikatoka rasmi Oktoba 5. Mimi naamini kwa dhati kwamba kampuni iliyopata muda wa kuficha namba 11 kwenye mwanga wa dirisha ilikuwa na wajibu wa kueleza sharti la prosesa mapema zaidi na kwa lugha ya wazi.

BARAKA: Sasa tuje kwenye Windows 12. Tetesi hizi si mpya. Oktoba 2022, katika mkutano wa Microsoft uitwao Ignite, ilionekana kwa muda mfupi picha ya skrini yenye upau unaoelea chini, na wengi wakasema hiyo ndiyo Windows 12. Ikavumishwa kwamba ingetoka 2024. Kilichotoka Oktoba 1, 2024 kiliitwa Windows 11 24H2, yaani sasisho la Windows 11 ileile.

ZUHURA: Jina halikuja, lakini masharti yalikuja kwa mlango mwingine. Mei 2024 Microsoft ilitangaza kompyuta za Copilot+, zinazotakiwa kuwa na RAM ya GB 16, hifadhi ya GB 256 na kichakataji maalumu cha akili mnemba chenye uwezo wa kufanya operesheni trilioni 40 kwa sekunde. Anayesubiri namba 12 kwenye kichwa cha habari anaweza kupitwa na mabadiliko yenyewe.

BARAKA: Basi tumjibu anayetaka kununua kompyuta mpakato ya mtumba wiki hii. Mezani kwa muuzaji kuna mbili zinazofanana, zote zimeandikwa Core i5, jina la familia ya prosesa za Intel.

ZUHURA: Asiishie kwenye i5. Aombe kuona jina kamili la prosesa. Ikiwa ni i5-7200U, ile 7 baada ya kistari ndiyo kizazi, na Windows 11 haiitambui rasmi. Ikiwa ni i5-8250U, inakubalika. Kisha abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike tpm.msc, na asome kama toleo ni 2.0. Ikisema TPM haipatikani, amwombe fundi aingie BIOS kabla ya kuikataa mashine. Asiahirishe kazi zake kwa sababu ya mfumo ambao haujatangazwa.

BARAKA: Na aliye na ile ya kizazi cha 7 tayari?

ZUHURA: Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma Oktoba 14, 2025. Kwa watumiaji wa nyumbani Microsoft iliweka mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama hadi Oktoba 13, 2026, na mtu anaweza kujiunga kwa kulipa dola 30, au bila kulipa akihifadhi mipangilio yake kupitia akaunti ya Microsoft. Afungue Settings, aende sehemu ya Windows Update, na kiungo cha kujiandikisha atakikuta hapo.