Tusingoje Mtu Aokote Makopo

Ndugu zangu, jambo hili nimelisema katika kumbi nyingi, na leo nalirudia: tunangoja mno. Tunangoja mpaka mtu aokote makopo barabarani ndipo tukiri kwamba anahitaji mtaalamu wa afya ya akili.

Mama mdogo aliyenilea alikuwa fundi cherehani. Hakuwahi kumkabidhi mteja gauni kabla ya kukata nyuzi zote zinazoning'inia, hata mteja akiwa amesimama mlangoni na haraka zake. Mwaka mmoja, baada ya masika, nikaanza kuona magauni yanatoka na nyuzi zake. Chai yake ilipoa mpaka ikafanya utando. Saa nane za usiku alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, na adhana ya alfajiri ilimkuta hapo hapo. Alilalamikia kichwa, mgongo na moyo kwenda mbio. Akapimwa malaria mara tatu, haikuonekana. Mimi, muuguzi, nilimnunulia dawa za maumivu nikasema ni mawazo tu, yataisha. Ilipita miezi minne kabla hatujampeleka kwa mshauri nasaha, na miezi ile bado inaniuma.

Kwa hiyo mpimeni mtu kwa jinsi alivyokuwa, wala msimlinganishe na jirani. Mkimya wa kuzaliwa si mgonjwa. Msemaji aliyenyamaza ndiye wa kufuatiliwa. Huzuni, au kutopendezwa na lolote, ikishika sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa majuma mawili, huku usingizi, chakula na kazi vikivurugika, hapo mtaalamu anahitajika. Mtaniambia kwamba kila mfiwa huhuzunika. Ni kweli, lakini huzuni ya msiba kwa kawaida huja na kupungua, na katikati yake mfiwa huweza hata kutabasamu akikumbushwa vituko vya marehemu. Wengine husema shekhe au mchungaji anatosha. Dua iendelee, na hospitali iendelee. Hakuna anayemwombea aliyevunjika mguu akamzuia kufungwa plasta.

Wapo pia wanaoogopa kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua, wakidhani watampa wazo hilo. Swali hilo halipandi wazo. Humfungulia mlango aliyekuwa amejifungia nalo. Ninachukizwa kwamba Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, maana familia humficha badala ya kumtibu. Kenya, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu kama hicho kuwa kinyume cha katiba Januari 2025.

Muda umenibana, kwa hiyo ya vijana na pombe nayaacha. Mzazi aliyejifungua na kuanza kusikia sauti apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Anayetaja kufa asiachwe peke yake. Sumu ya panya na dawa za shambani ziondolewe nyumbani, kisha mmoja wenu afuatane naye hospitali, akae naye kwenye benchi mpaka aitwe.