Kijiko Kimoja cha Saga

Mhadhara huu ulitolewa Kakamega mbele ya wakulima, walimu wa kilimo na viongozi wa vikundi vya akina mama.

Wazee wetu, akina mama, vijana, hamjambo.

Nimekuja na kibuyu. Ndani yake mna mbegu za saga, mboga ya kienyeji ile Wajaluo wanayoiita dek na sisi tsisaga. Mama mkwe wangu alinikabidhi mbegu hizi mwaka niliojifungua mtoto wa kwanza, na kazi yake akanionyesha shambani. Unaacha mashina machache usiyachume, tena yale yanayochelewa kuchanua, kwa sababu saga inayokimbilia maua haina majani ya kushibisha watoto. Maganda yakianza kugeuka manjano unayakata kabla hayajapasuka. Unayaanika juu ya gunia, unayapura kwa kijiti, unapepeta kwa ungo, kisha unachanganya mbegu na jivu. Managu, mboga nyingine ya kienyeji, nayo ina njia yake: matunda yaliyoiva unayaponda ndani ya maji, mbegu zinazama, makapi unayamwaga.

Nayaeleza haya polepole kwa sababu huo ndio utafiti wenyewe. Kuchagua shina linalochelewa kuchanua, msimu baada ya msimu, ni kazi ileile anayoifanya mtaalamu wa mbegu kituoni. Yeye hulipwa mshahara na jina lake likaandikwa kwenye cheti. Mama mkwe wangu alizikwa bila mtu yeyote kumwita mtaalamu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa sokoni nikiuza mbegu hizi kwa kijiko. Afisa mmoja akasimama mbele yangu akauliza, "Mama, hizi zimeidhinishwa na nani?" Nikakosa la kusema. Nikazifunga kwenye leso nikarudi nyumbani. Wiki iliyofuata wanawake walikuja kuzitafuta kwangu jioni, wananong'ona mlangoni kama watu wanaotafuta pombe ya chang'aa. Wanatafuta mboga!

Sheria aliyoisimamia ni Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, ya mwaka 1972, iliyokazwa zaidi mwaka 2012. Kuuza mbegu isiyoidhinishwa kungeweza kukugharimu faini ya hadi shilingi milioni 1, au kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili. Na hayo yaliendelea huku Katiba ya 2010, ibara ya 11, ikiliagiza Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za asili na matumizi yake kwa jamii za Kenya.

Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda Mahakama Kuu kuipinga sheria hiyo. Tarehe 27 Novemba 2025 Jaji Rhoda Rutto, kule Machakos, alitamka kwamba vifungu vilivyomfanya mkulima mhalifu kwa kubadilishana au kuuza mbegu zake vinakiuka Katiba. Wakaguzi nao wakapokonywa mamlaka ya kuvamia hifadhi za mbegu. Niliposikia habari hiyo nilikishusha kibuyu hiki darini nikakaa nacho mapajani kwa muda mrefu.

Niseme wazi: sipingi udhibiti. Anayepaka mahindi ya kula rangi, akayatia kwenye pakiti na kumuuzia mkulima kama mbegu, huyo ni mwizi wa msimu mzima, na afungwe. Kosa lilikuwa kumweka mwizi huyo kapu moja na mama anayemgawia jirani mbegu. Wapo walioniambia, "Lakini kuweka mbegu yako mwenyewe hukukatazwa." Mbegu isiyotoka nyumbani hufa. Mvua ikikukosa mwaka mmoja, au panya wakiingia ghalani, unaipata wapi tena kama hukumpa jirani? Kugawa ndiko kuhifadhi.

Sasa kuna jambo linaloninyima usingizi hata baada ya hukumu. Mwaka 1992 watafiti walichukua vijidudu kutoka maji ya moto ya Ziwa Bogoria, hapo tu ukivuka Nakuru. Vimeng'enya vilivyotokana navyo, yaani viini vinavyoharakisha mabadiliko ya kikemikali, viliingia kwenye biashara ya sabuni za kufulia na ya kufifisha rangi ya nguo za jinzi, ng'ambo huko. Waendorois, jamii ya wafugaji waliokuwa wamefukuzwa kando ya ziwa hilo miaka ya 1970, hawakuulizwa. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2010, ilisema kwamba walinyang'anywa haki yao ya ardhi. Kama maji ya ziwa yamebeba mali kiasi hicho, hili jani la saga je? Na mkombero, ule mzizi unaotafunwa, wa msitu wetu hapa Kakamega?

Tangu 2016 tunayo Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi. Inazipa kaunti jukumu la kuyasajili maarifa hayo. Viongozi wa vikundi, nendeni ofisi za kaunti muulize hiyo rejista iko wapi, na mkiambiwa mrudi kesho, rudini kesho.

Na wanaume mlio hapa, nisikilizeni. Anayejua mbegu kwa kawaida ni mama, lakini hatimiliki ina jina la mume, au la baba mkwe aliyekwisha kufa. Mjane akifukuzwa shambani huondoka na maarifa yake, na pale alipochagua saga miaka 30 panapandwa miwa. Andikeni majina ya wake zenu kwenye hizo hati mkiwa hai.

Daftari liko mezani, na kijiko kiko karibu nalo. Kila kikundi kitume mtu mmoja. Atachukua kijiko kimoja cha saga, na ataandika mbegu anayoiweka nyumbani kwake: jina lake kwa lugha ya kwao, kijiji, na nani aliyempa. Ukurasa wa kwanza nimeshauandika, una jina la mama mkwe wangu.