Kasha la Kale Halihitaji Grainda

Mabibi na mabwana, nanyi vijana wa ufundi mliojazana huko nyuma, nashukuru kwa kunikaribisha tena. Wanaonifahamu wanajua nitakalolisema, kwamba kasha la kompyuta ya kale hutiwa vifaa vipya bila kukatwa, na naona wameshaanza kutabasamu. Nalirudia kwa sababu wiki iliyopita nimeletewa kasha jingine la kulala, lile pana la bati nene ambalo tulikuwa tukiliwekea skrini juu yake, likiwa limekatwa mgongo wote kwa grainda ili mazabodi mpya, yaani ubao mkuu wa kompyuta, ipate kuingia. Limekaa zaidi ya miaka thelathini bila kushika kutu, likaja kuharibiwa kwa dakika kumi.

Niweke jambo moja wazi kabla sijakatizwa. Sizungumzii mashine inayowaka. Kama unayo, ifute vumbi na uiache kama ilivyo. Nazungumzia kasha ambalo betri ya mazabodi yake imevuja na kuzila njia za shaba, kiasi kwamba hakuna wa kuifufua. Na yule anayeniuliza kila mwaka kwa nini nisinunue kasha jipya, jibu langu ni lile lile: kanunue, bwana, hakuna aliyekushika mkono.

Sasa tuje kwenye swichi, na mniwie radhi nikikaa hapo. Katika makasha mengi ya mtindo wa AT, ule uliotokana na kompyuta ya IBM ya mwaka 1984, swichi ya mbele ilikata umeme wenyewe wa ukutani. Waya nne zilitoka kwenye pawa saplai, lile boksi linaloigawia kompyuta umeme, zikapita kando ya kasha hadi mbele, na volti 230 zikawa nyuma ya kipande cha plastiki unachokibonyeza kwa kidole. Intel ilipoleta mpangilio wa ATX mwaka 1995, kazi ya swichi ilibadilika kabisa: haikati tena umeme, bali inaiarifu tu mazabodi kwa volti chache, nayo mazabodi ndiyo inayoiamuru pawa saplai iamke. Ndiyo maana swichi ya leo hubonyezwa ikarudi, ilhali ile ya zamani hubonyezwa ikabaki ndani.

Kijana mmoja, fundi hodari wa simu, alinijia na kasha la namna hiyo alilolijaza vifaa vipya kwa usafi wa kupendeza. Baada ya shikamoo akaniambia, “Mzee, inawaka, ukihesabu hadi nne inazima.” Alikuwa ameshabadilisha memori, akaazima prosesa, akanunua pawa saplai ya pili. Nikamuuliza swali moja tu: ukiibonyeza swichi, inarudi? Akajibu, “Hairudi, mzee, ndivyo ilivyo tangu zamani.” Basi fedha zote zile zilikwenda kwa sababu ya swichi isiyorudi, kwani mazabodi ya ATX ikihisi swichi imeshikiliwa kwa sekunde nne huchukulia kwamba mwenye mashine anailazimisha kuzima, nayo hutii. Tuliifungua, tukachomoa kwa kibanio kile kiwaya kidogo kinachoinasa ikiwa ndani, springi ikaanza kuirudisha, na mashine ikakaa.

Hiyo ndiyo sehemu ya kuchekesha. Sehemu isiyochekesha ni kwamba swichi hizo zina jozi mbili za miguu. Kijana wangu alikuwa ameunganisha mazabodi kwenye jozi moja, na kwenye jozi ya pili akaziacha waya za umeme wa ukutani za pawa saplai ya zamani, ambayo aliibakiza mahali pake ili mgongo wa kasha usipoteze sura. Ilibaki mtu mwingine aje achomeke waya wa ukutani kwenye tundu la pawa saplai ile ya zamani, na volti 230 zingesimama pembeni kabisa mwa waya za mazabodi, ndani ya swichi yenye ukubwa wa kidole gumba. Kwa hiyo pawa saplai ya zamani itoke yote pamoja na waya zake nne, na athi, yaani waya wa ardhini, ya ile mpya ishike bati tupu, si rangi. Ukitaka kubakiza sura ya nyuma, bakiza ganda tupu.

Kuhusu mgongo nitasema kwa haraka, maana naona saa. Mazabodi ya leo inahitaji dirisha la milimita 158.75 kwa 44.45 kwa ajili ya matundu yake ya kuchomekea waya, na kasha la AT lina tundu moja tu la mviringo la kibodi. Hapo ndipo watu hukimbilia grainda. Mimi huchukua mazabodi ya Mini-ITX, milimita 170 kila upande, nikaifunga juu ya bamba la alumini lililofungwa kwenye matundu yale yale ya skrubu ya zamani, nikaisogeza ndani kama shibiri moja, kisha nikapeleka matundu yake nyuma kwa waya fupi zinazotokea kwenye vifuniko vya sloti, zile nafasi za kuchomekea kadi. Ndiyo, kadi kubwa ya picha utaikosa. Chagua prosesa yenye uwezo wa picha ndani yake. Na mwenye IBM ya mwaka 1981 asijisumbue kupanga kadi za leo: sloti zake zimeachana milimita 25.4, za sasa ni 20.32.

Joto nalo. Pawa saplai ya IBM hiyo ya mwaka 1981 ilitoa wati 63.5 kwa mashine nzima, na leo prosesa moja ya kawaida huandikwa wati 65. Feni moja ya kutoa hewa haitoshi. Ficha nyingine nyuma ya uso wa mbele, ivute hewa kupitia uwazi uliopo, na uiwekee chujio la vumbi.

Plastiki iliyogeuka manjano nilikusudia kuizungumzia, ila mwenyekiti ameshanyanyuka. Waliokuja na makasha yao wayalete hapa mezani, wayavue mifuniko tuyatazame. Ila pasiwe na mtu wa kuchomeka chochote ukutani kabla sijaiona swichi yake.