Eleanor wa Castile: Malkia Aliyejitajirisha kwa Madeni ya Watu

Mabibi na mabwana, Eleanor wa Castile hukumbukwa kwa misalaba 12 ambayo mumewe, Edward I wa Uingereza, aliijenga kila mahali jeneza la malkia lilipolala usiku, kuanzia Lincoln hadi Charing, London. Misalaba hiyo imesimuliwa vya kutosha. Leo tuangalie mali yake, maana watu wa zama zake walimsema kwa hiyo zaidi.

Alizaliwa karibu 1241, binti wa Ferdinand III, mfalme wa Castile huko Hispania, na Joan wa Ponthieu. Kaka yake kwa baba, Alfonso X, alikuwa anaidai Gascony, jimbo la kusini-magharibi mwa Ufaransa lililoshikwa na Waingereza. Ndoa ya 1254 kule Burgos ikaumaliza ugomvi huo. Bwana harusi alikuwa na miaka 15, bibi harusi yapata 13. Alizaa watoto wasiopungua 14, na wengi walikufa wadogo. Binti yao Joan alizaliwa Acre, katika Nchi Takatifu, mwaka 1272, wazazi wakiwa kwenye vita vya msalaba. Kati ya wavulana, John, Henry na Alphonso walitangulia kufa. Ufalme ukamwangukia mdogo wao Edward, aliyezaliwa Caernarfon mwaka 1284.

Sasa pesa. Mashamba ya malkia mjane yalikuwa kwa mama mkwe wake, Eleanor wa Provence, naye akaishi hadi 1291. Ilikuwapo pia “dhahabu ya malkia”: anayemwahidi mfalme pauni 100 ili apate fadhila, aliongeza pauni 10 kwa malkia. Nyumba kubwa kama yake haiendeshwi kwa hizo.

Njia ikapatikana kwenye madeni. Wayahudi wa Uingereza walikopesha kwa riba chini ya ulinzi wa mfalme, naye akawatoza kodi za kuwakamua. Aliyeshindwa kulipa alinyang’anywa hati za wadeni wake, na mfalme akampa mkewe baadhi. Hapo bwana aliyeweka shamba rehani anaamka akidaiwa na malkia mwenyewe. Taslimu hana. Anaachia shamba, deni linafutwa, pengine anapewa kitu cha kujikimu. Kwa madeni ya namna hiyo William de Leyburn aliiachia ngome ya Leeds, Kent, mwaka 1278. Hadi anakufa, ardhi aliyojipatia Eleanor ilimwingizia karibu pauni 2,500 kwa mwaka. (Edward hakuwa na sababu ya kumzuia: kila shamba alilojipatia mkewe lilimpunguzia yeye mzigo wa kumtunza.)

Lawama zilikuja kwa wingi. Mwaka 1286 Askofu Mkuu John Pecham alimwandikia Geoffrey de Aspale, ofisa wa malkia, kwamba mali hiyo ya riba inaleta kashfa. Wasimamizi nao waliwabana wapangaji kwa kodi na faini, kila mmoja akitaka hesabu yake ionekane nene.

Eleanor alifariki Harby, karibu na Lincoln, tarehe 28 Novemba 1290, baada ya kumwomba mumewe awafidie waliodhulumiwa. Mwaka uliofuata malalamiko yakasikilizwa, na wasimamizi wake wakaitwa kujibu. Ardhi kwa sehemu kubwa ilibaki kwa mfalme, na malkia waliokuja baadaye wakagawiwa humo humo.