Ripoti ya Usawa Isiyosema Nani Alikosa Kazi

(Mhadhara uliotolewa mjini Mbale, Uganda, mbele ya maofisa utumishi wa wilaya na vyama vya watu wenye ulemavu)

Mheshimiwa mwenyekiti, maofisa utumishi, ndugu zangu nyote, habari za asubuhi.

Ibara ya 21 ya Katiba, inayokataza ubaguzi, na ya 32, inayotaka walioachwa nyuma wainuliwe, mnazijua, sizirudii. Sheria ya Tume ya Fursa Sawa tunayo tangu 2007. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 ikaongeza cheti cha jinsia na usawa, kwamba bajeti ipimwe kabla Bunge halijaipitisha. Kwa hiyo leo asisimame mtu akaniambia tunakosa sheria. Tunakosa hesabu ya kweli ya nani anaingia kazini na nani anaachwa nje.

Chukueni ripoti ya mwaka ya ofisi yoyote. Wafanyakazi ni idadi fulani, wanawake asilimia fulani, wenye ulemavu asilimia fulani, ukurasa umekwisha. Nauliza, hao wanawake wako ngazi gani ya mshahara? Utumishi wetu unaanzia U8, waliko matarishi na madereva, unapanda hadi U1 ya wakubwa. Mwalimu wa msingi mwenye cheti yuko U7. Wilaya ikiwa na walimu wengi wa kike na wauguzi wengi wa kike, inaweza kuandika nusu kwa nusu, na hakuna mwanamke hata mmoja anayeongoza idara makao makuu. Asilimia itakuwa sahihi kabisa, na usawa haupo.

Sasa walionisikia Jinja na Arua wanivumilie. Kisa hiki nakisimulia kila mahali, na nitakisimulia mpaka fomu zibadilike.

Kijana mmoja, ana diploma ya uhasibu, anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuendeshwa kwa mikono. Jina lake lilikuwa kwenye ubao wa matangazo, miongoni mwa walioitwa kwenye usaili. Wilaya siitaji. Mimi nilikuwa pale kwa shughuli zangu, nikamkuta amekwisha kufika, shati jeupe limepigwa pasi, bahasha ya kaki yenye vyeti iko mapajani. Usaili ulikuwa ghorofa ya pili. Lifti hakuna. Askari wa mlangoni akamwambia asubiri, mtu atashuka. Vijana wawili, nao wasailiwa, wakajitolea kumbeba. Akawashukuru, akakataa: hakutaka jopo limwone kwa mara ya kwanza akiwa mgongoni mwa mtu. Baadaye karani akatokea juu ya ngazi, akaita jina. Kijana akaitika kwa sauti kubwa, mimi nilimsikia. Karani akatazama huku na huku, akaita jina linalofuata, akarudi ndani.

Jioni niliiona karatasi ya mahudhurio. Mbele ya jina lake wameandika: hakuhudhuria.

Na pale chini, hatua chache kutoka alipokaa, kulikuwa na ukumbi wa baraza, mlango mpana, viti vimepangwa, hauna mtu siku nzima!

Sasa angalieni karatasi ile inakwenda wapi. Inaingia kwenye ripoti: mwombaji mwenye ulemavu aliitwa, hakufika. Mwaka unaofuata mkuu fulani anasimama kwenye kikao na kusema watu wenye ulemavu hawajitokezi. Hawajitokezi vipi? Sensa ya 2014 ilikuta zaidi ya watu 12 katika kila 100, kuanzia umri wa miaka 2, wana ulemavu wa namna fulani. Wapo, na wanaomba kazi. Tumewaandika kuwa hawakuja.

Kuna atakayesema kazi itolewe kwa sifa, si kwa huruma. Nakubaliana naye moja kwa moja. Sifa za kijana yule zilikuwa ndani ya bahasha, na hakuna aliyeifungua. Anayetaka sifa zishinde ndiye wa kwanza kudai usaili ushuke chini.

Ninachodai ni ripoti ifuate safari nzima: wangapi waliomba, wangapi walipita mchujo, wangapi walifika mbele ya jopo, wangapi waliajiriwa, wangapi wamepandishwa cheo. Kila hatua ionyeshe jinsia, ulemavu, umri na jamii anayotoka mtu. Asiyefika, sababu iandikwe, na aulizwe mwenyewe kwa simu, namba yake si iko kwenye fomu ya maombi? Kundi likikatika ghafla kati ya hatua mbili, hapo ndipo mlango umefungwa, na mkaguzi ataona pa kuanzia.

Najua neno la jamii limewashtua. Mtaniambia kuhesabu makabila ni kutugawa. Jamani, Katiba yenyewe imeorodhesha jamii 65 kwenye nyongeza yake. Na wananchi wanahesabu tayari! Tume ya Utumishi ya Wilaya ikibandika majina ya walioajiriwa, watu husimama pale ubaoni wakisoma koo za watu, na kufikia jioni uvumi umefika sokoni. Afadhali ofisi ihesabu, itoe idadi bila majina. Mtu asilazimishwe kujitaja, na taarifa hizo jopo la usaili lisizione kabisa.

Jamii ndogo kama Wabatwa wa Kisoro na Kanungu, Waik wa Kaabong, huwezi kuwaona kwenye ripoti inayowatupa wote katika safu ya “wengineo”. Hilo linahitaji siku yake.

Likizo ya uzazi nayo: Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mama siku 60 za kazi, baba 4. Ripoti itaje wangapi walirudi wakakuta nafasi zao zimepewa mtu mwingine. Basi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuwagusa wanaokaimu miaka na miaka bila kuthibitishwa, wengi wao wanawake ninaowafahamu, lakini nitaliacha. Maofisa utumishi, fomu niliyopendekeza iko mezani karibu na mlango, ukurasa mmoja tu. Msisubiri waraka kutoka Kampala. Ijazeni kwenye usaili wenu ujao, na kabla ya kutangaza mahali pa usaili, nendeni mkapaangalie. Sasa naomba maswali, na tuanze na wale wa safu ya nyuma wanaotumia lugha ya alama, mkalimani yuko tayari.