Petro Alimfuata kwa Mbali

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Najua wengine mmekuja kwa miguu kutoka Industrial Area, na saa nane kamili mnatakiwa kazini, kwa hiyo sitawaweka sana.

Tumezoea kusema "fulani amerudi nyuma" katika imani kana kwamba ni ajali: jana mzima, leo kaanguka. Mimi sikuanguka. Nilipoa. Nilipata kazi ya zamu za usiku, nikaacha ushirika wa Jumatano. Nikajiambia nitasoma Neno ndani ya matatu. Ndani ya matatu nikalala. Jumapili ikawa siku ya kufua. Siku moja nikitafuta risiti ya kodi ya nyumba, niliikuta ndani ya Biblia, juu ya kabati, na vidole vyangu vikaacha alama kwenye vumbi la jalada. Miaka miwili ilikuwa imepita, na hakuna hata siku moja niliyokuwa nimekata shauri kumwacha Mungu.

Waebrania 2:1 inatuonya tuyaangalie tuliyoyasikia, "tusije tukayakosa". Neno la Kiyunani lililotumika pale linabeba picha ya kitu kinachochukuliwa na maji. Chombo kisicho na nanga hakingoji dhoruba. Mkondo tu unatosha.

Mtazameni Petro. Kabla ya kumkana Bwana, Luka anatuambia alikuwa akimfuata kwa mbali. Bado anafuata, lakini kwa mbali! Yohana anaongeza kwamba usiku ule kulikuwa na baridi, na Petro alisimama akiota moto wa makaa. Kisha, sura ya 21, asubuhi kando ya ziwa, anajitupa majini kutoka mashuani, na pwani anakuta tena moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Ninyi mliolelewa na jiko la makaa mnajua harufu ile haisahauliki. Naamini Petro aliinusa, moyo ukamruka. Lakini Yesu hakuanza na kesi. Aliwaita wanafunzi waje kula kwanza. Maswali yale matatu, "wanipenda?", yalikuja baada ya chakula.

Wazee wetu wa uamsho, ule uliowaka Gahini, Rwanda, ukafika Kabete, Kenya, mwaka 1937, walikuwa na desturi ya kuungama wazi, wakaiita kutembea nuruni. Hawakungoja mtu aanguke. Ndugu alisimama katika ushirika akasema, "Moyo wangu umepoa wiki hii," na wenzake wakamwombea palepale. Inaniuma kwamba siku hizi tunashuhudia ushindi tu. Aliyepoa akisikia ushindi wa kila mtu, anaona hapa si pake, anatoka kimyakimya.

Mimi niliporudi nilichelewa, nikaketi benchi la nyuma, bado nimevaa sare ya kazi. Sikuwa nimejitengeneza hata kidogo. Mama mmoja nisiyemjua akasogea, akanisukumia kitabu chake cha nyimbo, kidole chake kikiwa kwenye ubeti waliofikia. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Nilijaribu kuimba, sauti ikakataa, naye akaimba kwa nguvu zaidi ili nisisikike nikilia.

Sasa tunyamaze kidogo mbele za Bwana. Anayetaka kuombewa aje huku mbele. Asiyeweza kusimama abaki palepale alipo, tutamfuata.